Jinsi ya kusoma sifa za kujiunga na shahada ya Sayansi ya Kompyuta

Msimu wa udahili ukifika, swali linaloniandama kuliko mengine ni hili: "Mwalimu, nimepata alama hizi, je, naweza kusoma Kompyuta?" Mara nyingi jibu limo kwenye ukurasa uleule wa sifa ambao muuliza ameshaupitia. Ameupitia kwa kuanzia pasipofaa tu: amekimbilia jumla ya alama. Nimekaa kwenye kamati ya udahili misimu kadhaa, na sisi hatuanzii hapo. Fuata mpangilio huu, ukiwa na cheti chako mezani na kalamu mkononi.

Hatua ya 1: Hakikisha kozi ndiyo hiyo

Kuna familia ya kozi zenye majina yanayofanana: Sayansi ya Kompyuta, Uhandisi wa Kompyuta, Uhandisi wa Programu, Mifumo ya Habari, Teknolojia ya Habari. Kila moja ina sifa zake hata zikiwa chini ya paa moja. Uhandisi wa Kompyuta hugusa saketi na umeme, kwa hiyo Fizikia huibuka mara kwa mara. Mifumo ya Habari iko karibu na biashara, na masharti yake ya Hisabati huwa mepesi zaidi. Usichukue sifa za kozi moja ukaombea nyingine. Nakili jina la kozi na namba yake ya utambulisho kama vilivyoandikwa.

Hatua ya 2: Tafuta neno "Hisabati" kabla ya neno lingine lolote

Hapa ndipo waombaji wengi huangukia, kwa hiyo tukae kidogo.

Watu hudhani shahada hii ni mafunzo ya kutumia kompyuta, au angalau ya kuandika programu. Lakini mwaka 1936, mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alipochapisha makala yake kuhusu mashine ya kufikirika inayoweza kukokotoa, kompyuta za kielektroniki tunazozijua zilikuwa bado hazijatengenezwa. Ile ilikuwa makala ya hisabati, na fani hii haijawahi kuhama nyumba. Mwaka wa kwanza utakutana na mantiki, seti, uthibitisho, uwezekano na matriki. Ukifika kwenye kufundisha mashine zijifunze kutokana na data, kalkulasi inakusubiri.

Mfano mdogo. Una orodha ya majina milioni moja yaliyopangwa kialfabeti, nawe unatafuta moja. Unafungua katikati, unatupa nusu isiyohusika, unafungua katikati ya iliyobaki, na kuendelea hivyo. Hatua 20 zinatosha, kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 20 ni 1,048,576. Aliyeelewa logi shuleni, yaani 2 ipandishwe kwa kipeo gani ili kufikia namba fulani, anaona hilo papo hapo. Asiyeielewa ataikariri, na wiki mbili baadaye litakuja jambo lililojengwa juu yake.

Kwa hiyo ukiuona mstari wa Hisabati, uliza mambo matatu. Je, somo ni la lazima? Alama gani inatakiwa kwenye somo hilo peke yake, mbali na jumla? Na ni Hisabati ipi? Swali la tatu ndilo linalosahaulika. Kwenye mfumo wa IB, ule wa kimataifa wa masomo ya sekondari ya juu, tangu mwaka 2019 kuna mikondo miwili ya Hisabati, mmoja wa uchambuzi na mmoja wa matumizi, na kila mmoja una ngazi mbili. Baadhi ya vyuo hukubali mkondo mmoja tu kwa kozi hii. Kwenye A-Level, mitihani ya mwisho ya sekondari ya Uingereza, juu ya Hisabati ya kawaida lipo somo la pili la Hisabati lililo gumu zaidi. Nimewahi kuona ombi lenye alama za kupendeza likiwekwa kando kwa sababu Hisabati yake ilikuwa ya mkondo usiotakiwa. Muombaji alikuwa na akili ya kutosha. Alichokosa ni mtu wa kumwambia miaka miwili kabla.

Hatua ya 3: Tenga "lazima" na "inapendelewa"

Chora mstari chini ya kila neno la aina hiyo. "Lazima", "inahitajika" na "sharti" ni ukuta. "Inapendelewa", "itasaidia" na "ni faida" ni ngazi ya ziada: ukiwa nayo utaonekana zaidi, ukiikosa hujafungiwa.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba somo la Kompyuta la sekondari mara nyingi haliko upande wa lazima. Kwenye A-Level, ambako A* ni daraja la juu kuliko A, Oxford hutaka A*AA (A* moja na A mbili) na Cambridge hutaka A*A*A kwa kozi hii. Vyote viwili hudai Hisabati, wala hakuna kinachodai kwamba uwe umesoma Kompyuta shuleni. Aliyekosa somo hilo asijihesabu nje. Kama bado hujachagua masomo na nafasi imebaki moja kati ya Kompyuta na Hisabati ya juu zaidi, mimi ningechukua Hisabati. Kuandika programu unaweza kujifunza jioni. Uthibitisho ni mgumu kujifundisha peke yako.

Hatua ya 4: Kima cha chini kinakuruhusu kuomba tu

Alama zilizoandikwa kama kima cha chini zinamaanisha ombi lako litasomwa. Nafasi zikiwa chache kuliko wenye sifa, wanachukuliwa wa juu kwanza, na yule wa mwisho kuingia anaweza kuwa juu sana ya kima hicho.

Ujerumani wana utaratibu unaoonyesha jambo hili vizuri. Kwenye kozi zenye ushindani, ile alama inayotangazwa haikupangwa mapema: ni alama ya mtu wa mwisho aliyeingia msimu uliopita, na msimu ujao inaweza kupanda au kushuka. Marekani nako vyuo vingi havitoi kima chochote. Husoma matokeo, barua na insha kwa pamoja. SAT, mtihani wa huko wa kuombea chuo ambao kilele chake ni 1600, baadhi huudai na baadhi hawaudai. MIT walikuwa wameulegeza, wakaurudisha mwaka 2022. Basi tazama pia kama kuna mtihani wa kujiunga, na tarehe yake ya kujiandikisha, kwa maana hiyo huweza kupita kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi.

Hatua ya 5: Usigeuze alama kwa makisio

Alama ya 1.0 Ujerumani ndiyo bora kabisa na 4.0 ni kufaulu kwa shida, kwa hiyo anayesoma namba bila kujua kipimo anaweza kujikuta anajipongeza kwa msiba. Vyuo vya huko hutumia kanuni maalumu kwa vyeti vya nje: chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, toa alama yako, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu kabisa na alama ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, jumlisha 1. Mwenye 80 kwenye mfumo wa 100 ambao kufaulu ni 50 anapata 2.2. Mwenye 80 hiyohiyo mahali ambapo kufaulu ni 40 anapata 2.0. Ndiyo maana nasisitiza uambatanishe maelezo rasmi ya vipimo vya alama vya shule yako. Karatasi hiyo moja inaweza kukusogeza.

Hatua ya 6: Lugha

Fupi tu. Kama unatumia IELTS, mtihani wa Kiingereza wenye sehemu nne, tazama wastani na pia kila sehemu. Mwenye 6.5, 6.5, 7.0 na 5.0 ana wastani wa 6.25, unaopandishwa kuwa 6.5; lakini chuo kinachotaka angalau 6.0 kila sehemu kitamkataa kwa ile 5.0. Matokeo huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili.

Hatua ya 7: Ukikosa, tafuta mlango wa pembeni ukurasa uleule

Shuka chini, kwa sababu huwa umeandikwa kwa herufi ndogo: diploma inayokubalika, mwaka wa maandalizi, au njia ya watu wazima wenye uzoefu wa kazi. Ukiingia kwa diploma, uliza kama unaanza mwaka wa kwanza au wa pili, na upate jibu kwa maandishi. Kipo pia Open University cha Uingereza, ambacho kozi zake nyingi za shahada ya kwanza, ya kompyuta ikiwemo, hazidai sifa za awali. Huko mchujo unafanywa na kozi yenyewe.

Hatua ya 8: Linganisha jina

Kabla ya kutuma, weka vyeti vyote kando ya pasipoti au kitambulisho na usome jina herufi kwa herufi. Tofauti ya herufi moja imewahi kusimamisha faili nililokuwa nalo mkononi wiki tatu nzima, na alama zake hazikuwa na tatizo lolote.