Somo: Kutambua chakula cha simba na chui kwa kuchunguza kinyesi

Mwaka 1989, huko Mahale mkoani Kigoma, mabaki ya sokwe yalipatikana ndani ya kinyesi cha simba, na huo ukawa ushahidi wa kwanza kwamba simba hula sokwe wa porini. Ushahidi wa namna hiyo hauhitaji mtu kumshuhudia simba akila. Ukiwa ndani ya hifadhi, usiokote chochote kabla ya kupata kibali cha utafiti.

Hatua ya 1. Vaa glovu na barakoa, kwa kuwa kinyesi cha wanyama wala nyama huweza kubeba mayai ya minyoo inayomdhuru binadamu. Tia kila sampuli katika bahasha yake ya kaki, kisha andika kwa penseli tarehe na mahali ulipoiokota. Kwa mtafiti wa historia, sampuli isiyo na tarehe ni uchafu tu.

Hatua ya 2. Tia sampuli katika soksi ndefu ya nailoni, funga fundo, uiloweke usiku kucha katika maji ya sabuni, kisha uikamue mpaka maji yatoke safi. Zitabaki nywele, meno, kwato na vipande vya mifupa.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya kioo cha hadubini, laza unywele mmoja, na rangi ikikauka uung'oe taratibu. Alama za magamba yake, yaani vigamba vidogo sana vinavyoufunika unywele, zitabaki zimechapwa. Zilinganishe na alama za nywele za wanyama unaowajua, mmoja baada ya mwingine.

Hatua ya 4. Linganisha matokeo na kumbukumbu za zamani, lakini kwa tahadhari: wawindaji wa enzi ya ukoloni waliandika zaidi habari za mawindo makubwa, kwa hiyo panya kutotajwa katika shajara zao hakumaanishi kwamba chui wa wakati huo hakula panya.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Nikikuta nywele za pongo (aina ya swala), je, niandike kwamba chui ndiye aliyemuua?

Marahaba. Hapana, andika kwamba alimla, kwani chui hula pia mizoga.

Mwalimu, nitajuaje kwamba kinyesi ni cha chui na si cha fisi?

Cha fisi kikikauka huwa cheupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa anayoitafuna. Hata hivyo, cha chui aliyekula mifupa mingi nacho huweza kupauka, hivyo tazama pia nyayo zilizo karibu, na ukibaki na shaka iache sampuli hiyo nje ya hesabu.