Somo: Presha ya kupanda na chumvi ya ng'onda

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, mmeomba somo la presha na nimeliandika kwa hatua. Kwenye chumvi, hasa ya ng'onda (samaki aliyetiwa chumvi na kukaushwa), nitakaa zaidi, kwa sababu kwa mapishi yetu ya pwani hapo ndipo penye kazi kubwa.

Hatua ya 1: Pima vizuri

Wengi wenye presha hawasikii chochote. Mtu ana 170 kwa 100 na bado anapalilia mikorosho toka asubuhi. Kwa hiyo pima, hata kama huumwi. Nenda haja ndogo kwanza, kisha kaa dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati au baibui, na usizungumze mashine ikifanya kazi. Rudia baada ya dakika moja au mbili, uandike namba zote kwenye daftari. Ukipimwa zahanati siku tofauti na bado ni 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya kupanda. Aliyeshuka kwenye bodaboda sasa hivi akapimwa papo hapo asitishwe na namba ile, apumzike, arudie.

Hatua ya 2: Chumvi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyokwisha kuwamo ndani ya chakula. Chumvi ikizidi mwilini hushika maji, damu inaongezeka ujazo, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi.

Nasikia sana, "Mimi siongezi chumvi mezani." Vizuri, lakini iko kwenye ng'onda, kwenye papa mkavu, kwenye dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwenye viungo vya mchuzi vya pakiti, na kwenye korosho za kukaanga za stendi. Sisemi muache ng'onda. Iloweke kwenye maji mengi, mwaga, rudia mara mbili au tatu, kisha uipike bila kutia chumvi nyingine. Siku hiyo wali au muhogo wa kuchemsha usitiwe chumvi kabisa. Ndimu, ukwaju, kitunguu saumu na pilipili vitaleta ladha. Punguzeni taratibu, ulimi utazoea ndani ya wiki chache. Na hiyo kidogo inayobaki iwe chumvi yenye madini joto.

Hatua ya 3: Sahani na mwili

Kisamvu, matembele, mbaazi, kunde, ndizi na madafu vina madini ya potasiamu, ambayo husaidia figo kutoa chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza. Tui zito lisiwe la kila siku.

Tembea kwa mwendo wa kukaza angalau dakika 150 kwa wiki. Jembe nalo linahesabika. Mwenye uzito mkubwa, kila kilo inayopungua hushusha presha kidogo. Sigara acha. Pombe za uraka na gongo, msimu wa mabibo ukifika, ndivyo vinavyoharibu kazi ya mwaka mzima kwa wengi.

Hatua ya 4: Dawa

Umeandikiwa, meza kila siku. Ukipima ukakuta 120 kwa 80, dawa ndiyo inafanya kazi, si kwamba umepona. Hili naliomba kwa dhati, maana kiharusi huwakuta wengi walioacha dawa kwa kujiona wazima.

Maswali ya wanachama

*Dada, msimu wa korosho mgongo unaniuma kwa kuinama, nameza diklofenaki kila jioni. Kuna tatizo? (Newala)*
Lipo, kaka. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na kuumiza figo, na hudhoofisha baadhi ya dawa za presha. Zisimamishe, umweleze daktari akupe nyingine inayokufaa.

*Shikamoo mwalimu. Ramadhani nitamezaje dawa? (Mikindani)*
Marahaba. Dawa nyingi za mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa futari au daku. Nenda kliniki kabla ya mwezi kuandama, hasa kama unatumia za kukojoza, wapange muda nawe.

*Nasikia dawa hizi zinamaliza nguvu za kiume. (Lindi mjini)*
Presha yenyewe huharibu mishipa, na nguvu hupungua hata kwa asiyemeza kidonge. Baadhi ya dawa nazo huchangia. Mwambie daktari bila haya, zipo za kubadilisha. Usiache kimyakimya.

*Mama yangu amepimwa 190 kwa 120, tumwongezee kidonge? (Masasi)*
Hapana. Mkalisheni, apumzike, mrudie kupima. Ikibaki hapo bila dalili nyingine, aonwe na daktari leo hii. Lakini akiwa na maumivu ya kifua, pumzi inabana, macho hayaoni vizuri, mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa, msirudie kupima wala kusubiri kukuche. Tafuteni gari, mpelekeni hospitali, na mbebe dawa zake zote pamoja na daftari.