Umenunua pikipiki ya Royal Enfield Meteor 350? Anza na hivi kabla ya ekzosi

Najua kitu cha kwanza unachowaza ni ekzosi ya kelele, ila naomba uiache kwanza, injini ya Meteor ni silinda moja tu ya cc 349 na ekzosi haitaigeuza kuwa kitu kingine. Endesha kwanza mpaka sevisi ya kwanza ya km 500, hapo mwili wenyewe utakuambia panapouma.

Hela ya kwanza iende kwenye gadi ya injini, yaani vyuma vya kuikinga pikipiki ikianguka. Hii pikipiki ina kilo 191, ikikulalia hata imesimama gereji unaweza kupinda lever ya gia au kukwaruza injini. Chagua inayofungwa kwenye bolti za fremu yenyewe, zile za kubana na klempu zinalegea.

Afu kiti. Kwenye kruza, yaani pikipiki ya kukaa kwa kuegemea kama hii, miguu iko mbele kwahiyo uzito wote unashukia kiunoni na mgongo ndo unapokea kila shimo, lakini kabla hujabadilisha kiti jaribu kuzungusha shokomzoba za nyuma kurekebisha ugumu wake, zina hatua 6 na hiyo ni bure kabisa!

Kioo cha upepo kama unasafiri mikoani, mjini hakina kazi sana. Taa za ziada sawa, ila mwambie fundi aweke rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo wa taa) na fyuzi yake, asichune waya wa taa kubwa na kuunga juu kwa juu, ndo mwanzo wa pikipiki kuungua.