Somo: Baiskeli ya mjini isiyokusumbua (kwa anayeanza, Mombasa)

Naandika mara moja tu, kisha kila atakayeuliza namwelekeza hapa. Hakupiti wiki mtu hajataka kujua anunue baiskeli gani ya kwendea kazini Mwembe Tayari au ya kuzungukia ufuoni Mama Ngina jioni. Hili si somo la wanaoshindana. Ni la mtu anayetaka kupanda, afike, aifunge, aisahau.

1. Jua njia yako. Kisiwani ni tambarare, na mlima wako mkubwa pengine ni mgongo wa daraja la Nyali. Giya 21 za nini?

2. Kimo: kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Goti likinyooka, kiti kiko sawa.

3. Chumvi. Upepo wetu hula chuma hata baiskeli ikilala ndani. Zile giya za nje zenye mkono unaoning'inia nyuma hudaka mchanga, hushika kutu, na zikigongwa kidogo hupinda. Chukua giya moja, au giya zilizofichwa ndani ya hubu (kile kitovu cha gurudumu). Taka kesi ya cheni na madigadi mbili. Rimu ziwe za aluminiamu, kwa sababu za chuma zenye kromu zikilowa, breki za mpira huteleza tu, na mvua za Mei mwazijua.

4. Tairi. Hapa nisikilizeni, maana mimi mwenyewe niliumia hapa. Nilinunua mtumba wa Ujapani, mzuri, una kikapu na dainamo, nikajiona mfalme. Mwezi wa pili tairi la nyuma likapasuka Kongowea. Nikaenda dukani, "nipe inchi 26," nikapewa la baiskeli ya milimani. Fundi akalivuta kwa vijiko vya tairi mpaka jasho likamtoka, akatoboa tyubu mbili, na tairi lisiingie. Nikaikokota mpaka Tudor, juani, juu ya daraja, watu wa tuktuk wakinipigia honi. Nyumbani ndipo niliposoma ubavuni mwa tairi kuukuu: 37-590. Lile jipya: 47-559. Hizo namba za mwisho ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Yaani 26 x 1 3/8 na 26 x 1.75 zote huitwa "inchi 26" na hupishana milimita 31! Hata 28 ni hivyo: ya Black Mamba (ile baiskeli nyeusi nzito), 28 x 1 1/2, ni 635, na kuna nyingine pia huandikwa 28 nayo ni 622.

Kwa hiyo, KABLA ya kulipa: soma namba hiyo, iandike mkononi, nenda kwa wauza spea uulize kama tairi lipo. Lisipopatikana, iache baiskeli hata ikiwa inang'aa vipi. Na msikubali fundi "alazimishe". Tairi dogo litatoboa tyubu, na kubwa kuliko rimu litachomoka ukiwa katikati ya magari.

5. Inua gurudumu ulizungushe, uone kama linayumba. Litikise ubavuni, likicheza, gololi zimekwisha au koni inayozibana imelegea.

6. Mwambie muuzaji ashushe kiti mbele yako. Kikigoma, mlingoti wa kiti umeshika kutu ndani ya fremu, ondoka. Kikishuka, ukifika nyumbani upake grisi siku hiyo hiyo.

7. Kufuli nzuri. Funga fremu, si gurudumu peke yake.

MASWALI

Kijana_Changamwe: Nimeona moja ina giya 21, diski mbele na nyuma, springi mbili, elfu kumi na mbili mpya. Ninunue?

Jibu: Soma 1 na 3.

Kijana_Changamwe: Nimesoma lakini hii ni mpya bro.

Jibu: Hata mimi nilikuwa mpya. Springi ya bei hiyo ni uzito wa bure. Pesa ni zako, kaka.

Bi_Tausi: Salaam. Mimi navaa buibui, nimeogopa tangu niliponaswa na cheni utotoni. Kuna namna?

Jibu: Wa aleikum salaam dada, ipo. Fremu ya kike, ile iliyoinama katikati, usirushe mguu. Kesi ya cheni iliyofunika kote, si nusu. Tena kuna wavu wa kukinga gurudumu la nyuma, baiskeli za Uholanzi huja nao. Usipoupata, toboa matundu madogo ukingoni mwa madigadi, usokote kamba nyembamba hadi karibu na ekseli, pande zote mbili. Dada yangu ana ya namna hiyo na hupanda na dera.

Mkunazi: Giya za ndani ya hubu hufanyaje kazi? Nikifungua nitaona nini?

Jibu: Swali tamu hili. Kuna gia moja ya kati, na ndogo zinazoizunguka ndani ya pete yenye meno. Katika ile ya Shimano ya giya tatu, namba 2 ni moja kwa moja, 1 hupunguza mwendo kama robo, 3 huongeza zaidi ya theluthi. Waweza kubadilisha umesimama kwenye taa. Ukiwa unakanyaga kwa nguvu, legeza kwanza. Waya ukilegea giya huruka: weka 2, kisha kaza mpaka alama iingie kati ya mistari kwenye kidirisha karibu na ekseli. Usiifungue hubu kwa udadisi tu, vipande ni vingi!

Nyota_Bamburi: Ipi nzuri kwa ufupi?

Jibu: Yenye tairi linalopatikana.

Mzee_wa_Likoni: Nyongeza. Cheni musipake mafuta ya kupikia, huganda na kushika vumbi. Mafuta ya cherehani yatosha, kisha pangusa. Na mukipanda ufuoni, osheni kwa maji ya bomba jioni ile ile.

Jibu: Ahsante mzee. Maji ya ndoo lakini, si pampu ya kuoshea magari, ile huingiza maji kwenye gololi.

Mkunazi: Na valvu ya Kijapani? Petroli stesheni wameshindwa kunijazia upepo.

Jibu: Pampu yao ni ya gari, haiingii. Tumia pampu ya mkono ya Black Mamba. Upepo ukitoka polepole, chomoa valvu utazame kimpira chake, huoza. Nunua vitano uviweke mfukoni.