Ng'ombe hasukumi: shika masikio kabla ya kushika kamba

Wafugaji wenzangu, ng'ombe amefika siku zake, kiwele kimejaa, uchungu umeanza, kisha umezimika. Wengi hapo hukimbilia kamba na vijana wanne. Ngojeni. Huenda ndama amekaa vizuri kabisa, mgonjwa ni mama: kalsiamu imeshuka kwenye damu na mji wa mimba hauna nguvu ya kubana. Ndiyo homa ya maziwa, jina la kupotosha, maana mwili hupoa. Huwapata zaidi walio kwenye uzao wa tatu na kuendelea, hasa ng'ombe wa aina ya Jersey.

1. Tazama saa. Chupa (mfuko wa maji ya uzazi) ikitokea na saa 2 zikapita bila ndama, usisubiri tena.

2. Shika masikio. Yakiwa baridi, shuku. Ila huku Njombe alfajiri kila sikio ni baridi, kwa hiyo tia kipimajoto njia ya haja kubwa: chini ya 38 si kawaida. Angalia pia pua kavu, miguu ya nyuma inayoyumba, shingo iliyopindia ubavuni.

3. Akianguka, mkalishe kifua chini, mwegemeze kwa marobota ya nyasi. Akilala ubavu, gesi humjaa. Usimnyweshe kitu: kumeza kumelegea, maji yataingia mapafuni.

4. Mwite daktari wa mifugo. Kalsiamu ya mshipani huingizwa polepole, dakika 10 hadi 20, moyo ukisikilizwa. Ikiharakishwa inaua. Kisha apime njia ya uzazi na mkao wa ndama. Kalsiamu ikikubali, utamwona ng'ombe anabeua, ananya, halafu anasukuma mwenyewe.

MASWALI

– Mkuu, oksitosini, ile sindano ya kubanisha mji wa mimba, ninayo, nisichome tu?

Hapana. Njia ikiwa haijafunguka au ndama amekaa vibaya, mji wa mimba unaweza kupasuka. Na bila kalsiamu misuli haiitikii vizuri.

– Mbona wangu ameugua, na alikula lusina (malisho yenye kalsiamu nyingi) na chokaa mwezi mzima wa mwisho wa mimba?

Hapo ndipo penyewe! Kalsiamu ikiwa tele, mwili huacha kuichota mifupani. Maziwa yakianza ghafla, mwili unazubaa. Wiki 3 za mwisho punguza lusina, chokaa acha. Virudishe akishazaa.

– Akishapona nikamue yote?

Siku ya kwanza kamua ya kumtosha ndama tu. Najua kiwele kinatamanisha, lakini ukikikausha, usiku utamkuta chini tena.