Mtoto anakwenda chanjo? Hesabu siku kabla hujaogopa

Kadi ya kliniki, usiiache. Mnyonyeshe mtoto kabla na baada. Mvalishe nguo inayofunguka mapajani, kwa sababu sindano za wiki ya 6, 10 na 14 zinapigwa pajani, na asubuhi ya Moshi mwezi wa saba huwezi kumvua mtoto nguo zote. Dawa ya maji ya kushusha homa iwepo nyumbani, ila usimpe kabla homa haijaja. Ikija, mpe kwa uzito wake kama nesi alivyokuelekeza, upime kwa kikombe cha dawa, siyo kijiko cha chai. Aspirini hapana.

Sindano za pajani huleta joto, paja kuvimba na mtoto kulialia. Huanza siku hiyo hiyo au kesho yake, na ndani ya siku 3 yameisha. Kitambaa cha maji ya baridi kinatosha. Usikande kwa maji ya moto, usipake kitunguu, hata bibi akinuna. Ile ya kifua kikuu ya begani ina taratibu zake: wiki kadhaa baadaye kinatokea kipele, kinatoa usaha, kinakauka polepole na kuacha kovu. Usikiminye.

Sasa surua na rubela, ya miezi 9. Hapa ndipo nilipoumbuka.

Wangu alichomwa Jumanne, usiku akalala fofofo. Nikawatambia mawifi kwamba nimezaa shujaa. Jumatano ya wiki iliyofuata mwili ukawaka moto, kesho yake vipele kifuani. Mama mkwe, aliyeshuka kutoka Kibosho na ndizi za mtori, akasema meno. Jirani akasema surua yenyewe. Mimi nikasema malaria, maana Jumapili tulilala Mabogini, kule kwenye majaruba ya mpunga. Muuza duka la dawa akanifungia dawa ya mseto na antibiotiki bila kumpima mtoto. Saa nne usiku niko juu ya bodaboda, mtoto kifuani, kadi juu ya kabati.

Hospitalini nikaulizwa kachanjwa lini. Kwa kiwewe nikajibu, "Mwezi uliopita." Basi mtoto akatobolewa mara tatu. Alfajiri baba yake akaleta kadi, daktari akahesabu kwa vidole: vipele vimetoka siku ya 9. Virusi vya chanjo hii ni hai ila vimedhoofishwa, vinahitaji muda kuzaliana mwilini, ndiyo maana homa na vipele huchelewa hadi kati ya siku ya 7 na ya 12, vikakaa siku mbili hivi. Malaria haikuonekana, na kuipima hakukuwa kosa.

Kwa hiyo siku ya chanjo andika tarehe kwenye simu, na uzizungushie alama siku ya 7 hadi 12. Hata ndani ya siku hizo, degedege, kukataa ziwa, kulegea au homa isiyoshuka siku 3, nenda. Kulia mfululizo zaidi ya saa 3, nenda. Baada ya sindano usikimbilie daladala, kaa kliniki nusu saa: uso kuvimba au pumzi kukata ni nadra, lakini mara nyingi hutokea ndani ya dakika hizo. Binti anayechanjwa shuleni ale kwanza, achomwe akiwa amekaa, wengine huzimia kwa woga tu. Na usiku kama jirani ana gari, mgongee. Bodaboda na kichanga kwenye baridi ile, hapana.