Jinsi ya kuchambua ugomvi wa nchi na nchi kwa jicho la uhalisia: kesi ya maji ya Nile

Wakuu, kazi yangu ni kuandika uchambuzi wa siasa za nje, na vijana wanaoanza huwa wananiletea kurasa tatu za nani kasema nini kwenye mkutano upi. Hiyo ni habari, sio uchambuzi. Leo tunafanya kesi moja mwanzo mwisho, Misri na Ethiopia na lile bwawa kubwa la umeme ambalo Ethiopia imelijenga kwenye Nile ya Bluu (GERD).

Hatua ya 1: weka hotuba pembeni. Undugu wa Afrika, haki ya kihistoria, yote hayo utayarudia baadae. Mhalisia, yaani mchambuzi anayeangalia nguvu na usalama wa nchi kuliko maneno yake, anaanza na kitu kimoja tu, juu ya nchi hakuna serikali nyingine ya kwenda kushtaki na ukasikilizwa kwa lazima, kwa hiyo kila mmoja anajilinda mwenyewe. Kenneth Waltz, msomi wa Marekani wa siasa za kimataifa, kajenga nadharia nzima hapo.

Hatua ya 2: fungua ramani, uliza nani anaweza kumuumiza nani. Hapa usikimbie. Misri inategemea Nile kwa zaidi ya asilimia 90 ya maji yake, na kama asilimia 85 ya maji yanayoifikia yanatoka milima ya Ethiopia, yaani koki iko kwa jirani. Halafu soma mkataba wa 1959 wa Misri na Sudan wa kugawana maji ya Nile kwa mwaka: Misri mita za ujazo bilioni 55.5, Sudan bilioni 18.5, Ethiopia hata mezani haikuwepo. Kabla yake kuna ule wa 1929 na Misri, ambao Muingereza aliwasainia makoloni yake, Nyerere akaukataa baada ya uhuru. Sasa jiulize, mgao wa namna hiyo ulidumu vipi miaka yote? Sio kwa sababu ni wa haki, ni kwa sababu Misri ilikuwa na misuli na Ethiopia ilikuwa masikini, ina njaa na vita vya ndani. Karatasi inafuata nguvu.

Hatua ya 3: tafuta nguvu ilihama lini. Rais Mubarak wa Misri kaanguka Februari 2011, Aprili mwaka huohuo Ethiopia inazindua ujenzi. Wazo la bwawa ni la zamani lakini muda ule, mh. Ziwa lake linabeba mita za ujazo bilioni 74, zaidi ya mgao wa Misri wa mwaka mzima. Wakaanza kulijaza 2020 bila makubaliano, wakalizindua Septemba 2025.

Hatua ya 4: nani anajipanga na nani. Januari 2024 Ethiopia inasaini na Somaliland, eneo lililojitangazia uhuru toka Somalia, ili ipate bahari, Somalia inawaka, Agosti Misri inasaini mkataba wa kijeshi na Somalia, Oktoba marais wa Misri, Somalia na Eritrea wako Asmara pamoja. Misri haina hata mpaka na Somalia! Stephen Walt, mhalisia mwingine, angekwambia nchi zinaungana dhidi ya anayetishia, sio lazima dhidi ya mwenye nguvu kuliko wote.

Na sisi Tanzania tusijitoe. Tulisaini makubaliano ya Entebbe 2010 ya nchi za bonde la Nile kuhusu kutumia maji yake, yale Misri haitaki kuyasikia, tukayaridhia 2015. Desemba 2018 kampuni za Misri zinapewa kujenga Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Wapo wanaosema ni biashara tu. Mimi naona ni siasa ya nje kabisa, Cairo inatafuta rafiki huku juu ya mto kwa kumjengea bwawa kwenye Rufiji, mto ambao haupeleki Misri hata tone, na sisi tukachukua umeme bila kufuta saini yetu.

Hatua ya 5: jaribu kuiangusha nadharia yako. Wengi wanaruka hii. Misri ina jeshi kubwa, mbona haikupiga? Juni 2013 wanasiasa wao walijadili mbele ya Morsi, rais wao wa wakati huo, namna ya kuhujumu bwawa, hawajui kama wako laivu kwenye tivii. Lakini ni mbali, mpaka hamna, na bwawa likishajaa ukilivunja maji yanaishukia Sudan. Hapo uhalisia unajibu vizuri. Sudan ndio inausumbua: nafasi yake kwenye mto haijabadilika, ila enzi za Rais Bashir ilikuja kuliunga mkono bwawa, alipong'olewa 2019 ikasogea upande wa Cairo. Mfumo wa dunia peke yake hauelezi hilo, inabidi uingie ndani ya nchi uangalie nani anatawala na anaogopa nini. Lipo tawi la uhalisia linalofanya hivyo (kwa Kiingereza neoclassical realism), litumie, usilazimishe Waltz ajibu kila kitu.

Hatua ya 6: andika utabiri unaoweza kukosea. Wangu huu hapa: ukame wa miaka kadhaa mfululizo ukipiga ile milima, Misri itaibana Ethiopia kupitia Bahari Nyekundu na Pembe ya Afrika, bwawa lenyewe haitaligusa. Wa kwako uweke kwenye komenti, na useme kitu gani kikitokea utakubali umekosea.